Shangazi, kazi ni ya kijana wa Kondoa lakini jina ni la rafiki yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 31, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina mke na mtoto mmoja. Mchana nimeajiriwa. Haya ninayokuandikia ni ya usiku, mtoto akishalala.

Miaka minne iliyopita mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo tulianza kutengeneza programu ya hesabu za vikoba: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, faini za wachelewaji na mgao wa mwisho wa mwaka. Ni programu huria. Kodi yote, yaani maandishi yanayoiendesha programu, iko GitHub, tovuti ya kutunzia kazi za namna hii (kodi za kompyuta, Shangazi, si za TRA), leseni ni ile huru iitwayo MIT, na mtu yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha, na akipenda kututumia maboresho. Hatulipwi hata senti. Seva analipia rafiki yangu. Na huyu rafiki ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi yangu, kwa hiyo ni msimamizi wangu wa harusi na msimamizi mwenzangu wa programu, ndiyo maana unaniona naandika barua badala ya kumpigia simu.

Desemba kikoba kimoja cha Nzuguni kinachotumia programu yetu kilivunja. Sandukuni kulikuwa na shilingi 4,250,000, hisa ni 1,300. Kila hisa ilistahili 3,269 na senti kidogo. Programu ikasema 3,300, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika kwamba thamani ya hisa isogezwe kwenye mia iliyo karibu, watu wasihangaike na chenji. Zidisha hiyo mara 1,300 uone. Walipofika kwa mama wa mwisho sanduku lilikuwa limepelea 40,000. Mwekahazina alitoa zake mfukoni.

Januari kijana mmoja wa Kondoa, hatumjui, akatuma marekebisho. Alieleza kwa Kiswahili kizuri kabisa: msisogeze thamani ya hisa moja, pigeni kwanza jumla ya kila mwanachama, kisha shusheni kwenye mia, na kinachobaki kiende mfuko wa jamii na kionekane kwenye karatasi ya mgao. Aliambatanisha na majaribio sita ya kuthibitisha hesabu. Mwishoni akaomba radhi kwamba hana kompyuta, anaandika kwenye simu, na mambo mazito anasubiri siku ya kwenda kukodi mashine steshenari.

Rafiki yangu alimjibu mstari mmoja: aandike kwa Kiingereza, hii ni kazi ya kitaalamu. Mimi nilisoma nikanyamaza. Mchango ukakaa. Wiki hiyohiyo mdogo wake rafiki yangu alituma badiliko la rangi za vitufe, likaingia siku ileile.

Mwezi Mei nikaona tatizo la mgao limetatuliwa, jina la mwandishi ni la rafiki yangu. Nikafurahi. Nilipofungua nikaona ni kazi ya yule kijana. Majaribio ni yaleyale sita. Hata herufi aliyoisahau kwenye neno "thamani", akaandika "thamni_ya_hisa", imesahauliwa palepale. Ombi la kijana la kuingiza kazi yake lilifungwa bila neno. Na rafiki yangu ameitaja kazi hiyo kwenye wasifu alioombea kazi, najua kwa sababu ni mimi niliyemsaidia kuupitia.

Siku tisa zilizopita kijana aliniandikia: "Habari za kazi kaka. Nimeona ile hesabu ya mgao imeingia, nashukuru sana. Jina langu tu sijaliona, labda nilikosea namna ya kutuma. Naomba unielekeze ili siku nyingine nitume vizuri."

Sijamjibu. Kila nikiifungua meseji hiyo naifunga.

Nikirekebisha kimyakimya nitakuwa nimemdhalilisha rafiki yangu. Nikinyamaza naona mwizi ni mimi. Nimefikiria nimpe kijana haki zote za kuingiza kodi, awe msimamizi wa tatu, iwe ndiyo pole yake. Na tuna michango mingine 43 inasubiri, mingi ya tangu mwaka jana, na siku hizi karibu nusu unaona kabisa imeandikwa na mashine za akili mnemba, aliyeituma hata hajaiendesha. Tumechoka, Shangazi. Nifanye nini?

Msimamizi wa Usiku, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, na nilipopiga mstari si pale ulipodhani. Nimepiga mstari kwenye "nilisoma nikanyamaza". Rafiki yako tutamfikia. Lakini Januari ulikuwepo, jibu la ovyo uliliona, na rangi za vitufe uliziona zikipita mlango ambao hesabu za akina mama zilifungiwa. Kijana alikuandikia wewe kwa sababu alidhani ndani ya nyumba hiyo wewe ndiye mwenye masikio.

Sasa nikwambie kilichonichekesha, na si kicheko cha furaha. Nimekuwa mwanakikoba Makole kwa miaka mingi, na misimu miwili nilishika ufunguo namba mbili. Unalijua sanduku letu, maana mmeliandikia programu nzima: kufuli tatu, funguo tatu, kwa watu watatu ambao si wa nyumba moja. Mwenyekiti hana ufunguo. Siku ya hisa tunaitwa kwa namba. Namba 1, namba 2, mpaka 30. Mke wa diwani ni namba 19 na anasubiri namba 18 amalize kuhesabiwa hata kama nje kuna gari linamngoja. Fedha inahesabiwa chini, kwenye mkeka, mbele ya wote, na jina la aliyeleta linasomwa kwa sauti na kiasi chake. Hakuna anayeleta fedha ya mwenzake akaandikiwa yeye, kwa sababu macho 60 yanatazama.

Nyinyi mmelisoma sanduku hilo, mkalielewa, mkaligeuza kuwa programu, halafu wenyewe mnatunza kazi za watu kwenye sanduku la kufuli moja, na ufunguo ameshika anayelipia seva.

Tuanze na la haraka. Kijana umjibu leo. Mwandikie hivi, au kwa namna yako, ila usipunguze: "Ndugu yangu, hukukosea kutuma. Kazi iliyoingia ni yako na jina lako lilipaswa kuwepo. Kosa ni letu, na mimi nililiona nikachelewa kusema. Kabla ya wiki kwisha jina litakuwa mahali pake, nitakutumia kiungo ukaangalie mwenyewe." Usimweleze habari za seva, wala za harusi yako. Usimwombe asiseme kwa watu. Akiamua kusema ni haki yake.

La pili ni rafiki yako, na huyu aonwe uso kwa uso kabla hujagusa chochote. Usimwite mnadani Msalato, nyama ikishakuwa motoni kila mtu anakubali kila kitu na Jumatatu hakuna kilichobaki. Nenda kwake, kaeni, mfungulie faili mbili kwenye kompyuta, ya Januari na ya Mei, na uonyeshe "thamni". Huna haja ya neno wizi. Inawezekana kabisa atakwambia alichoka kusubiri, akaichukua akaisafisha, akasahau. Watu waliochoka hufanya hivyo bila kujiona wezi, nimeshawahi kumwona mtu mwema kuliko wewe akifanya. Usibishane na nia yake. Mwambie utakachofanya na siku utakayokifanya, kisha mwachie nafasi akifanye yeye kwa mkono wake. Akikubali, atakuwa amejirudishia heshima ambayo wewe huwezi kumrudishia. Akikataa, utafanya wewe, hadharani, na urafiki utapata jeraha. Sitakudanganya kuhusu hilo.

Na ule wasifu uliousaidia kuupitia? Mwambie aufute mstari huo. Mkiwa wawili, mara moja, basi.

Namna ya kurekebisha, maana umesema "kimyakimya" na hapo ndipo watu huharibu. Utashawishika kurudi nyuma kwenye kumbukumbu na kubadilisha jina la mwezi Mei kana kwamba halikuwahi kuwa jingine. Usifanye. Kwanza, nakala za kila mtu aliyekwisha kuchukua kodi yenu zitagombana na yenu, kwa sababu Git, chombo kinachotunza kumbukumbu za mabadiliko ya kodi, huipa kila hatua alama inayotokana na yote yaliyo nyuma yake. Ukigusa ya Mei, kila iliyofuata inabadilika. Pili, itakuwa ni kufuta kosa badala ya kulirekebisha. Fanya hivi: tengua badiliko la rafiki yako kwa amri ya git revert, kisha ingiza kazi ya kijana kutoka ombi lake la Januari, ikiwa na jina lake kama mwandishi. Kwenye maelezo andika sentensi mbili za Kiswahili kwamba kazi hii ni yake na iliingizwa kimakosa kwa jina jingine. Kama rafiki yako aliongeza chochote cha maana, kiingie baadaye, peke yake, kwa jina lake.

Na mkumbushe jambo ambalo kila msimamizi analipita bila kuliona. Git huhifadhi majina mawili kwa kila badiliko: aliyeandika na aliyeingiza. Si bahati. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta, ambako kazi ya msimamizi ni kupokea viraka, yaani marekebisho, vya watu wengine na kuvipitisha. Huko, tangu 2004, kila mkono unaopitisha kiraka huongeza mstari wake wa saini chini ya ule wa kwanza, na wa kwanza haufutwi. Kiraka kinaweza kupita kwa watu wanne, wote wakaonekana. Rafiki yako alikuwa na nafasi yake halali ya heshima pale, ya pili. Aliikataa kwa kutaka ya kwanza.

Sheria nayo ipo, ingawa sitaki mfike huko. Leseni ya MIT inaruhusu karibu kila kitu, lakini inadai tangazo la hakimiliki libaki. Na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Huria haina maana ya kutokuwa na mwenyewe.

Sasa hilo la kumpa kijana haki zote. Hapana, mwanangu. Natamani ningesema ndiyo, ni wazo la mtu mwenye moyo. Lakini ufunguo hautolewi kama pole. Mwaka 2024 dunia nzima ya kompyuta ilishtuka kwa ajili ya programu ndogo inaitwa xz, ya kubana mafaili, iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka kama wewe. Watu wasiojulikana walimsukuma kwamba yeye mzito, michango inachelewa, aongeze msimamizi. Aliyejiita Jia Tan alikuwa pembeni, anasaidia kwa adabu, miaka zaidi ya miwili. Akapewa funguo. Akapandikiza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyegundua, Andres Freund, alishangaa tu kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Sisemi kijana wa Kondoa ni mtu wa namna hiyo, hata kidogo. Nasema uamuzi uliofanywa na mtu aliyechoka anayejisikia mkosaji ni uamuzi mbaya, hata ukimwangukia mtu mzuri. Na yeye mwenyewe hakuomba ufunguo, soma tena meseji yake. Aliomba jina lake, na kuelekezwa.

Mpe kazi ya kukagua. Michango inayogusa hesabu za mgao ipite kwake kwanza, kwa sababu ameonyesha anaijua kuliko nyinyi wawili (samahani, lakini 3,300!). Baada ya miezi kadhaa ya hivyo, kama bado ana hamu, mzungumze habari za ufunguo wa tatu. Kisha wekeni ile sheria ya mkeka: hakuna anayeingiza kazi yake mwenyewe, hata mlipaji wa seva, hata ikiwa ni rangi ya kitufe. Mmoja anaandika, mwingine anaingiza. GitHub ina mpangilio wa kulazimisha mwingine aidhinishe kwanza, mtauweka kwa dakika tano, na hautamwonea mtu haya kama wewe unavyomwonea haya msimamizi wako wa harusi.

Kuhusu Kiingereza, nimejizuia tangu mwanzo wa barua. Programu ya vikoba, inayotumiwa na akina mama wa Nzuguni, yenye neno "hisa" ndani ya kodi yake, mtu anaambiwa aeleze tatizo la hisa kwa Kiingereza ili iwe kitaalamu! Andikeni mlangoni, kwenye lile faili la maelezo kwa wachangiaji, kwamba Kiswahili ni lugha ya mradi na Kiingereza kinapokelewa. Mgeni njoo mwenyeji apone, sasa mgeni kaja na dawa mnamuuliza kwa nini anabisha hodi kwa Kirangi.

Haya, ile 43. Hapa nakuonea huruma ya kweli. Hamuwezi kuikagua yote kwa haki, kwa hiyo msijaribu. Haki haikutaki ukubali kazi zote za watu, wala haidai usiku wako wote. Inakutaka wafahamu wamesimama wapi. Miradi ya Apache, taasisi ya programu huria, inayoendeshwa na watu wa mabara yote, ina desturi mbili ninazozipenda: kura husubiri angalau saa 72 ili kila mtu apate kuamka na kusoma, na anayepinga kodi ya mwenzake lazima atoe sababu ya kiufundi, la sivyo pingamizi lake halihesabiwi. Hiyo ya pili ichukueni kama ilivyo. "Andika kwa Kiingereza" si sababu ya kiufundi.

Jumamosi moja kaeni wawili, mpite yote 43 kwa mpangilio wa tarehe, ya zamani kwanza, kama namba za kikoba. Kila moja dakika tatu. Inayoingia iingie. Isiyohitajika ifungwe kwa shukrani na sababu ya mstari mmoja. "Hatutaichukua kwa sababu inaongeza kazi kwa mwekahazina" ni jibu la heshima. Mtu anaondoka nalo, anaendelea na maisha yake. Anayengoja miezi minne bila neno haondoki, anabaki hapo mlangoni akijiuliza kama ni simu yake, au lugha yake.

Hizo za mashine, usikisie nani katumia mashine. Utamwonea mtu, na atakuwa ni yule mwenye Kiingereza cha kuazima. Hata Daniel Stenberg, anayeitunza curl, programu huria ya kuhamishia data inayotumika kwenye simu karibu zote, amelalamika wazi kuhusu ripoti za kasoro zilizotungwa na mashine zinazomla muda. Ninyi dai ushahidi uleule kwa kila mtu: aonyeshe ameiendesha, aweke namba za kikoba cha mfano, zilizoingia na zilizotoka. Kijana wa Kondoa alifanya hivyo bila kuulizwa, kwa simu. Asiyeweza, ombi linafungwa, na hujamwita mwongo.

Usidhani pia kwamba wewe huna upendeleo kwa kuwa unaumia. Kuna utafiti uliochapishwa 2017 uliopitia maombi mengi ya GitHub: michango ya wanawake kwa jumla ilikubaliwa zaidi kuliko ya wanaume, lakini kwa wageni ambao jinsia yao ilionekana wazi, wanawake walikubaliwa kwa kiwango cha chini kuliko wanaume. Waliofanya hivyo nadhani wote walijiona waungwana. Kwa hiyo Jumamosi hiyo mmoja wenu asome mabadiliko kwa sauti bila kutaja jina, mwingine aamue. Mtacheka mwanzoni.

Imebaki moja, na uliipita haraka sana kwenye barua. Mwekahazina wa Nzuguni alitoa 40,000 zake mfukoni kwa mstari wa kodi ulioandika wewe. Mmeshamrudishia?

Shangazi